Saa ya Mwaka Sabini

Umeme ulirudi Wete alfajiri.
Nikawasha kompyuta ya kikundi.
Kioo cheusi. Maandishi meupe yakamiminika
kama siafu waliokurupushwa,
kisha yakasimama.

Diski hii, ikaandika,
mara ya mwisho ilifunguliwa
siku ambayo bado haijafika.

Nikaizima. Nikaiwasha. Nikaipiga kofi la ubavuni,
lile tulilokuwa tukiipiga redio ya baba.
Siku ambayo bado haijafika.

Ndani mna hisa za wanawake thelathini na wawili,
mkopo wa Bikombo wa cherehani,
faini za waliochelewa kikao (zangu nne),
na kesho ni mgao.

Shaame, anayesoma chuo Mkoani,
alinitumia sauti ya dakika sita, pikipiki zikimpita:
"Shangazi, usiandike amri usiyoijua maana yake.
Kwanza, hapo saa ngapi?"
Saa mbili na robo, nikamjibu.
"Saa ya kompyuta, shangazi."

Nikaandika date, herufi nne, nikabonyeza.
Tarehe mosi Januari, mwaka wa elfu moja mia tisa na sabini,
saa tatu na dakika saba, yaani saa tisa za usiku,
maana wenzetu ndivyo wanavyohesabu, hiyo si hitilafu.

Mimi sijazaliwa.
Mama yangu yuko Kojani, anasukwa nywele.
Kikundi hakipo. Deni la mtu halipo.
Kumbe kila umeme ukikatika
mashine hii hurudi huko kulala,
ikiamka inakuta daftari la kesho
limeandikwa kwa mkono wake.
Nani asingeogopa?

Hadi saa nne chumba kimejaa.
Mwalimu Faki: "Hicho kirusi. Futa vyote, uanze upya."
Mbwana: "Nilikwambia uweke ile ya madirisha,
Linux ni ya watu wasiolala."
Bikombo kajishika kiuno, macho juu:
"Vikifutika, jamani, ni kudra."
Tukacheka, yeye zaidi.

Ni Mize, ambaye kibodi hajaigusa,
aliyevuta kigoda akakaa mbele ya kioo.
"Nisomee. Polepole. Usiruke."
Nikasoma. Mstari wa tatu, wa nne, na chini kabisa,
pale ambapo sikuwahi kufika:
Niitengeneze? Ndiyo au siyo.
"Basi," akasema Mize, "mwenzio yuko mlangoni anapiga hodi
tangu asubuhi, nawe unamzimia taa."

Shaame akanitajia namna ya kuweka tarehe,
nafasi kwa nafasi, nukta kwa nukta.
Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu ikakubali kuwa ni leo.
Kisha nikaijibu ndiyo, tena ndiyo, tena ndiyo,
chumba kizima kikiitikia kama kwenye dua,
mpaka picha ya mkarafuu ikatokea
na majina yetu yote chini yake.
"Bikombo, deni lako nalo limerudi salama."

Lakini ikizimika itasahau tena, Shaame alionya.
Mna betri humo, bapa kama thumni. Mtafuteni fundi saa.

Khatibu hajapata kuona tumbo la kompyuta.
Alivaa ile lenzi yake ya jicho moja,
akapuliza vumbi, akachokonoa, akatulia.
"Yakhe, na hii ni saa tu,
iliyofunzwa mambo mengine."
Elfu mbili. Nimeiandika kwenye matumizi,
kwa tarehe ya leo, ya kweli.

Jioni nikabandika karatasi ubavuni mwa mashine,
kwa atakayekaa hapa baada yangu.
Mize alihesabu mizani kwa vidole kabla ya kuniruhusu:

Kioo kikiwa giza, usiwahi kuizima,
Soma inachouliza, usiruke hata koma,
Saa ikijipoteza, betri ndiyo imekoma,
Khatibu atatengeza; kuipiga, mwana, koma!